Mwaka Nilipoteka Kiti cha Fundi Maganga

Simu ya Mwanne, binti wa Fundi Maganga, ilinikuta nimeinama juu ya meza ya kukatia, chaki mkononi. "Da Skola, mtani wako ametutoka," alisema, akalia kidogo, kisha akajikaza akanieleza mambo kwa utaratibu: baba ameondoka alfajiri, mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri, na mama anasema uje mapema kwa sababu una kazi yako. Niliijua kazi yenyewe. Fundi Maganga alikuwa Mnyamwezi na mimi ni Mluguru, na Mluguru akisikia mtani wake amekufa haendi kulia tu kama watu wengine. Anakwenda kumsumbua marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nilifunga duka, nikajitanda kanga, nikatoka kwangu Mji Mpya kwa miguu kuelekea mtaa wa zamani. Machozi yalinitoka njiani nikayaacha yatoke, maana nilijua nikishafika pale mlangoni hayataruhusiwa.

Mtaa wenyewe siku hizi ukipita haraka huuoni. Kati ya soko na stesheni ya reli kuna mstari wa nyumba za maduka walizojenga Wahindi zamani, zenye kuta nene, mabati yaliyoshika kutu na baraza pana mbele, kutoka pembe hadi pembe, ili mteja asinyeshewe. Nyingi zimekwisha vunjwa. Zilizobaki zimetiwa vyuma na vigae vinavyoteleza, na ndani wanauza simu. Wageni wanaokuja kupiga picha milango huniuliza kama naijua historia ya mtaa huu, nami huwajibu kwamba naijua ya baraza moja, tena ya mwaka mmoja. Hawaridhiki, wanataka Wajerumani. Mimi Wajerumani sikuwaona. Niliwaona mafundi cherehani mbele ya duka la vitambaa la Hasubhai, wamekaa safu moja, ukuta wameupa mgongo na barabara wameipa uso, na mwisho wa barabara mlima umesimama na wingu lake juu, kama mwanamke aliyebeba mzigo asiyeona haraka ya kuutua. Harufu ilikuwa ya mafuta ya cherehani, vumbi la pamba na vitunguu vilivyoshushwa kwenye malori ya Mgeta. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Ya nyumbani kwetu Mgeta siyasemi hapa, hayahusu. Itoshe kwamba nilishuka mjini juu ya lori la kabichi, msichana wa miaka kumi na minane, nimeapa kwamba ile njia ya mlimani sitaipanda tena na tenga kichwani, labda kwa kwenda kusalimia. Bi Mwajuma, mke wa Fundi Maganga, alikuwa anataka msichana wa kumsaidia nyumbani. Mimi nilikuwa nataka cherehani. Tulikubaliana, kila mmoja akijua lake moyoni.

Walikaa nyuma ya maduka, kwenye nyumba ya udongo iliyopigwa chokaa, na mimi nilipewa stoo. Nililala na gunia la mkaa upande mmoja na mtungi wa maji upande wa pili, na kuta za nyumba ile, kama nyumba nyingi za wakati ule, hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anasema pole. Nilisikia mengi juu ya kuta zile: ndoa zikigombana na kupatana, redio ya jirani, maombi ya watu ya alfajiri. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ambavyo ndugu zao walivileta kwa treni kutoka Tabora. Bi Mwajuma alivichemsha mpaka vikalainika, akavitia karanga. Nilivipenda sana, ila mbele ya mume wake sikukubali.

"Shikamoo, fundi," nilikuwa namwamkia.

"Marahaba. Umeamka, Mluguru? Miguu imezoea tambarare, au bado unainua goti kila hatua?"

"Imezoea. Ninyi mizigo ya Waarabu mmeshaitua, au mnamngoja mkuu wa msafara aseme?"

"Kula michembe hiyo unyamaze."

"Hizi si kuni, fundi? Nilidhani unanipa nikawashie pasi."

Basi siku imeanza. Shikamoo kwanza, matusi baadaye. Mtu asiye wa kwetu angeshangaa msichana mdogo kumjibu hivyo mzee mwenye mvi, lakini utani wetu ni wa tangu misafara ya pembe za ndovu. Babu zake walipita chini ya milima hii wakielekea pwani, babu zangu wakawauzia chakula, wakachekana, wakazikana. Sheria zake kila mtu mtaani alizijua. Mtani hatukanwi kwa chuki. Mtani akikamata kitu chako, hukinyang'anyi, unakikomboa kwa kumpa anachotaka, naye akishapokea hana budi kukiachia. Na ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Fundi Maganga, aliyekuwa mkali kwa kila mtu mwingine, alizishika sheria zile kama alivyoshika sala zake.

Kazini hakuwa na mchezo. Mwanamke hakukaa kwenye cherehani ya baraza, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mtaa, na mimi nilikaa ndani sakafuni, nyuma ya mlango wa duka, nikishona matundu ya vifungo, nikikunja pindo, nikipuliza mkaa wa pasi. Nilikuwa na mkono mzuri, mwenyewe alisema. Lakini kila nilipomwomba cherehani alinijibu neno moja tu: "Subiri." Sio siku fulani, sio mpaka ujue hiki au kile. Subiri. Cherehani ya nne, ya mwisho kwenye safu, ilikuwa haina mtu, maana mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, nayo imefunikwa gunia. Siku ya Ijumaa mafundi wote watatu walipokwenda msikitini, mimi Mkristo niliachwa kulinda baraza, na fundi aliniruhusu kulifunua lile gunia nijifunze kwa vipande vya kufutia mafuta. Ijumaa ilikuwa sikukuu yangu kuliko Jumapili. Kwa vipande vile vya kufutia mafuta nilishona nguo kamili za mtu asiyekuwapo.

Halafu ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ikaiva. Waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni mwaka wa nyuma sasa walikuta sabuni za rangi zote, wakazinusa wakaondoka wakicheka. Na karibu na stesheni, juu ya maturubai, wakaja watu wa mitumba na marobota yao. Sisi tuliiita kafa Ulaya. Mafundi waliamini kweli kwamba ni nguo za maiti, Mzungu akifa wanamvua. Mwanzoni walicheka. Vijana walivaa makoti ya wanawake hawajui, vifungo upande wa kike. Mpambe wa bwana harusi mmoja alipita mbele yetu amevaa joho la buluu la manyoya, lenye mkanda wa kufunga kiunoni, anatembea polepole ili aonekane, na Hasubhai peke yake, ambaye alikuwa na ndugu London, ndiye aliyejua kwamba lile ni vazi la kutokea bafuni. Alituambia akishika tumbo kwa kucheka. Lakini miezi ilipita na kicheko kikaisha. Wanawake waliokuwa wakileta vitambaa vya sikukuu hawakuja tena. Hasubhai alianza kukaa mlangoni mikono mifukoni. Jioni moja Fundi Maganga aliweka mkasi wake mkubwa juu ya meza, na wenzake wakaweka mikono juu yake, wakaapa kwamba hakuna sindano ya baraza lile itakayoingia kwenye mtumba. "Hii ni homa," alisema. "Kipupwe kikiisha na yenyewe itakwisha." Walikuwa watu wazima wenye akili zao, na waliamini kabisa.

Mimi sikuweka mkono juu ya mkasi. Hakuna aliyeniita, maana nilikuwa sakafuni. Na kutoka pale sakafuni nilikuwa naona kitu ambacho wao, kwa hasira zao, hawakukiona: nguo zile zote zilikuwa kubwa. Mabega yalifika viwikoni, suruali zilifungwa kamba, magauni yaliburuta vumbi. Mji mzima ulikuwa umevaa kazi yetu ukipita nayo mbele yetu.

Alhamisi moja alikuja mke wa askari mmoja, kwa treni kutoka Ngerengere, ameleta gauni la kijani la kitambaa kizito ambacho hatukuwa tumekiona hapa miaka mingi. Alikuwa na harusi ya mdogo wake. Fundi Maganga hakuligusa hata kwa ncha ya kidole. "Mama, hiyo ni nguo ya marehemu. Mrudishie mwenyewe." Yule mama aliondoka amefura. Nilichukua ndoo kama mtu anayekwenda bombani, nikamkuta kwenye kona. "Shikamoo, mama. Njoo kesho, watu wakiwa msikitini."

Ijumaa ile nilimpima, nikabana, nikakata, nikashona, na alipolivaa alijigeuza mara kadhaa kwenye kioo cha duka, kisha akanishika mkono. Ijumaa iliyofuata walikuja wanawake wengine. Baadaye wakaja wasichana wa sekondari walioteremka kutoka Kilakala na sketi zao. Hasubhai alikuwa anaona yote, na alikuwa ananiuzia nyuzi bila kuuliza za nini. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, hata nilipofungua duka langu mwenyewe. Nilikuwa nakimbizana na saa ya sala, mguu unakanyaga, mikono inajua inakokwenda, na sikuwa natamani kuwa mahali pengine popote duniani.

Kisha siku moja mvua kubwa iliwakimbiza watu waliosali nje ya msikiti. Fundi Maganga alitokea barazani ameloa, kofia mkononi, akawakuta wanawake wamekaa kwenye viti vya mafundi na mitumba yao mapajani, na mimi nipo kwenye cherehani ya nne, kama fundi kamili. Hakupiga kelele. Wanawake waliondoka mmoja mmoja kwenye mvua. Aliinama kwenye cherehani yangu, akalegeza skurubu, akaitoa sindano, akaichoma kwenye mfuko wa shati lake. Akafunika gunia. Ningependa angenitukana.

Usiku ule alipomaliza kula nilisikia sauti yake juu ya ukuta. "Lori la Mgeta linarudi kesho jioni. Arudi nalo."

"Amekosa nini?" Bi Mwajuma aliuliza.

"Tumeapa, mke wangu. Nimewaapisha wenzangu, halafu nyumbani kwangu mwenyewe."

"Yeye aliapa?"

Kitanda kililia.

"Nimekuuliza, baba Mwanne. Mlimwita akaapa? Au siku ya kiapo alikuwa mtoto, na siku ya kosa amekuwa fundi?"

"Lala," alisema. Lakini uamuzi wake haukubadilika, na niliujua, kwa sababu baada ya hapo alianza kukoroma, na yeye alikuwa hakoromi mpaka jambo liishe moyoni. Mimi sikulala. Niliona ile njia ya mlimani, tenga, utelezi, na mwanamume ambaye nyumbani walikuwa wameshaanza kunitajia jina lake. Nilijiambia kwa sauti ndogo, gunia la mkaa likiwa shahidi, kwamba sipandi lile lori. Kumwomba nilikuwa nimeomba mwaka mzima. Kumjibu kama mkubwa mwenzangu nisingeweza, ningekuwa nimemvunjia heshima mtu anayenilisha. Nilibaki na njia moja tu, na ilikuwa ni haki yangu ya kuzaliwa.

Asubuhi nilimtangulia. Alipofika barazani alinikuta nimekivuta kiti chake katikati ya baraza nimekikalia, kile cha mninga chenye kamba za ngozi, alichokikalia tangu siku Hasubhai alipompa nafasi pale. Nilikuwa nimefunga kanga kiunoni, nimevaa miwani yake ya kushonea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Toka hapo."

"Kiti nimekiteka," nilisema kwa sauti iliyofika hadi upande wa pili wa barabara. "Wanyamwezi mmekaa sana. Leo simameni, mizigo inawangoja."

Wenzake wawili walicheka kabla hawajajizuia. Mchuuzi wa vitunguu alitua tenga lake. Fundi Maganga alinitazama, na nikaona hasira ikimpanda hadi shingoni, kisha nikamwona anaimeza, maana barabara nzima ilikuwa inamwangalia mtu aliyetekewa kitu na mtani wake. Alitia mkono mfukoni akatoa noti.

"Sitaki hela, fundi."

"Unataka nini?"

"Cherehani ya nne. Mchana kweupe. Na mitumba."

"Subiri," alisema.

"Nasubiri. Nimekaa."

Akaenda kwenye cherehani yake, kiti cha mwingine hakukitaka, akaanza kushona amesimama, mguu mmoja juu ya pedali, mgongo umepinda. Alikuwa mbishi, na mimi nilikuwa mbishi. Jua lilipanda. Watu walikwenda sokoni wakarudi, wakakuta mambo ni yale yale. Mwenye lori la Mgeta alipita akauliza kama kuna abiria, nami nikamwambia abiria wake Mnyamwezi, apakie. Mchana Bi Mwajuma alitokea uchochoroni na sinia la wali na mchicha wa nazi. Alimpita mume wake, akaja akaliweka mapajani mwangu. "Kula, mwanangu. Mateka wako yuko imara, na wewe uwe imara." Baraza lilipasuka kwa kicheko, na hata Hasubhai alikaa chini kwenye ngazi ya duka lake akijifuta macho.

"Maganga," alisema Hasubhai alipopata pumzi, "mimi vitambaa siuzi tangu mwezi uliopita. Huyu ananunua nyuzi."

Fundi Maganga aliacha kukanyaga. Nadhani kilichomshinda hakikuwa mgongo. Alikuwa amewatazama watu barabarani siku nzima, amesimama, kwa kimo ambacho hakuwahi kuwatazama nacho, na alikuwa ameyaona mabega yale yote yanayoning'inia. Alikuja mbele yangu, akaichomoa ile sindano kwenye mfuko wa shati, akanipa kwa mikono miwili, kama inavyopaswa.

"Haya, Mluguru. Nakomboa."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainuka, nikampisha. Alikaa kwenye kiti chake akaguna kwa raha mpaka watu wakacheka upya. Kisha akatoa masharti bila kunitazama: nguo ya maiti isiguse meza yake kabla haijachemshwa, na yeye asiombwe kushika hata uzi. Tangu siku hiyo kila alfajiri niliwasha moto uani, nikachemsha mitumba ya wateja kwenye debe, na mtaa mzima ukanuka sabuni na sufu. Wenzake walianza kuniletea kazi ya kubana mmoja baada ya mwingine, wakidai ni ya shemeji, ni ya jirani. Kiapo hakikuvunjwa na mtu. Kilikufa tu, na hakuna aliyekiulizia.

Kipupwe kilichofuata, baridi ya mlimani iliposhuka, Fundi Maganga alikuja kazini amevaa koti la kijivu la sufu. Hakusema limetoka wapi, nasi hatukuuliza. Lilimkaa vizuri mabegani, ila vifungo vilikuwa upande wa kike. Jioni alilitundika msumarini akaenda kusali, nami nikahamisha vifungo, nikaziba matundu ya zamani, nikatoboa mapya. Kesho yake alipokuwa akifunga koti vidole vyake vilikwenda upande ambao havikukuta kitu, vikarudi, vikapata. "Waluguru," alisema, akitazama barabarani, "hata usiku hamlali, mnaiba vifungo vya watu." Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, na nimeishi nayo vizuri.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nilipofika kwenye nyumba ile ya nyuma ya maduka. Bi Mwajuma alikuwa ndani na wanawake, amefunikwa kanga, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinishika uso akaninong'oneza, "Koti lake liko msumarini. Kiti kiko uani." Basi nikalivaa koti nje ndani, nikatia miwani yake, na wanaume walipoinua jeneza chumbani kuelekea nje walinikuta katikati ya mlango wa mbele, nimekaa juu ya kiti cha mninga.

"Haondoki mtu hapa," nilisema. "Maganga, unakimbilia wapi na mimi nimekaa?"

Wazee walicheka. Vijana wake waliotoka Dar walitazamana. Mkubwa wao alitoa pochi akanipa noti kwa heshima, nikazisukuma. Akaongeza. Nikasukuma.

"Mama, maiti haicheleweshwi," alisema sheikh, taratibu.

"Huyu aliniambia subiri mwaka mzima, sheikh. Mwambie na yeye asubiri kidogo."

Kicheko kilipita hadi nje uani. Kijana mmoja alitaka kunishika mkono aniondoe, na mzee mmoja akamzuia: "Mwache. Ni mtani wake, yupo kazini." Lakini nilikuwa nimeona wasiwasi kwenye macho ya wale watoto. Walikuwa wamempa mtu hela na hela imekataliwa, na hawakujua kitu kingine cha kutoa. Nikaogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba mtaa wote umekwisha sahau, na kwamba nitaondolewa pale kama kikwazo, na Maganga atapita bila kukombolewa kwa haki. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Sikuwa tayari kuinuka.

Pazia la chumba cha Bi Mwajuma likasogea. Mkono wake peke yake ulitoka, mkono mwembamba wenye hina ya zamani kwenye kucha, na kati ya vidole kulikuwa na sindano ya cherehani, imezungushiwa uzi mweupe.

"Haya, Mluguru," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Nakomboa."

Niliipokea kwa mikono miwili. Kitu kikishakombolewa hakikaliwi tena. Nikaichoma sindano kwenye ukosi wa koti, nikasimama, nikakibeba kiti chake, nikampisha.